DAFTARI LA JANA: NANI ANA HAKI YA KULIFUNGUA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mjuzi wa siri na dhahiri, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wasallam), ahli zake na maswahaba zake.

Kuna swali linanijia mara kwa mara kutoka kwa ndugu zetu wafanyabiashara. Linakuja hivi: "Sheikh, watu wa kodi wamekuja dukani, wanataka hesabu za miaka minne iliyopita. Kila risiti, kila taarifa ya benki, kila muamala wa simu. Je, dini inawapa haki hiyo? Na nikificha baadhi ya vitabu, nina dhambi?"

Wengi wanataka jibu la neno moja, ndiyo au hapana. Mimi leo naomba uvumilivu wako, tukae pamoja na historia kidogo. Swali hili si jipya. Waislamu wamelikabili tangu Madina, tangu zaka ya mwanzo kukusanywa. Na utaona kwamba waliotutangulia walijiuliza kwanza: daftari la nani lifunguliwe mwanzo?

*1. UKAGUZI WA MWANZO ULIKUWA WA MTOZA*

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi (radhiya Allahu anhu) kisa cha mtu aitwaye Ibnul-Lutbiyya. Mtume (s.a.w.) alimtuma kwenda kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume akamfanyia hesabu. Yule bwana akagawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi.

Mtume (s.a.w.) hakulipokea jambo lile kimya. Alipanda mimbari akalisema mbele ya watu wote: kwa nini mtu huyu asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akangoja aone kama zawadi hizo zingemfuata huko? Kisha akaonya kwamba atakayechukua chochote katika mali hiyo bila haki atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni mwake, kikiwa ngamia, ng'ombe au mbuzi, kikipiga kelele.

Tazama vizuri, ndugu yangu. Kisa hiki mashuhuri cha ukaguzi wa fedha za umma hakimhusu mfugaji wa Banu Sulaym, kwamba amehesabiwa mbuzi wake wa miaka iliyopita. Aliyesimamishwa na kuulizwa ni afisa. Na Muadh bin Jabal (r.a.) alipotumwa Yemen, aliambiwa achukue zaka ya matajiri awape masikini wao, lakini ajihadhari na mali nzuri nzuri za watu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Allah hakuna pazia. Yaani mtoza alipewa mamlaka, na palepale akapewa hofu.

*2. UMAR ALIFUNGUA MADAFTARI YA NANI?*

Njoo sasa zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 13 hadi 23 Hijria, sawa na mwaka 634 hadi 644 Miladia. Dola ilipanuka ikaingiza Sham, Iraq na Misri. Mali ilimiminika Madina kwa kiasi ambacho Waarabu hawajapata kukiona. Ndipo akaanzisha diwani, yaani madaftari rasmi ya dola: nani anapokea nini, na kiasi gani.

Wanahistoria akiwemo al-Baladhuri wanasimulia utaratibu wake kwa magavana. Alipomteua mtu, aliandika mali yake. Mtu yule akirudi, au habari zikifika kwamba ametajirika kupita kiasi, Umar anafungua ile orodha ya zamani na kulinganisha. Ziada isiyoelezeka inagawanywa, nusu inakwenda Baitul-Mali. Aliyetumwa kwa kazi hii nzito alikuwa Muhammad bin Maslama (r.a.). Alikwenda mpaka Misri kuigawa mali ya Amr bin al-As (r.a.), mtu aliyeifungua nchi ile kwa upanga wake.

Hata Abu Hurayra (r.a.), mpokezi mkubwa wa Hadithi, hakusalimika na maswali. Aliporudi kutoka Bahrain na maelfu ya dirhamu, Umar alimuuliza kwa ukali mali ile imetoka wapi. Abu Hurayra akaeleza: farasi wake walizaana, alikuwa na pato la mtumwa wake, na posho zake zilikuwa zikilimbikizana. Katika riwaya ya Ibn Sirin, wakaangalia wakakuta mambo ni kama alivyosema. Baadaye Umar akamtaka arudi kazini. Abu Hurayra akakataa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, hata mwema huulizwa, na kuulizwa si kuhukumiwa. La pili, swali likiulizwa kwa ukali linaacha alama hata kwa asiye na kosa. Dola ilipata hesabu yake sawasawa, lakini ilimkosa mtumishi mwaminifu. Wakaguzi wa leo wangelitafakari hili.

Na nyumbani kwake je? Imam Malik katika Muwatta anapokea kwamba watoto wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, walikuwa wanarudi kutoka vitani Iraq. Wakapitia kwa Abu Musa al-Ashari (r.a.), gavana wa Basra, ambaye alikuwa na fedha za umma za kupeleka Madina. Akawakopesha: nunueni bidhaa hapa, uzeni Madina, mtaji mpeni baba yenu, faida iwe yenu. Wakafanya hivyo, wakapata faida.

Umar aliposikia aliuliza swali moja tu: je, kila askari wa jeshi lile alikopeshwa kama mlivyokopeshwa nyinyi? Wakasema hapana. Akataka warudishe mtaji pamoja na faida yote. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akajitetea kwamba mali ile ingepotea, wao ndio wangeilipa. Mmoja wa waliokuwepo akashauri jambo lile lifanywe kuwa mudharaba, yaani ushirika wa mtaji na kazi. Umar akakubali: mtaji wote na nusu ya faida vikaenda Baitul-Mali, nusu iliyobaki wakagawana wao.

Hebu fikiria. Biashara imekwisha, mzigo umeuzwa, hakuna aliyelalamika. Lakini kiongozi anarudi nyuma kuichunguza miamala ya watoto wake mwenyewe.

*3. "USIMPEKUE MTU"*

Sasa ngoja uone upande wa pili wa Umar huyo huyo.

Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa na kadhi mkuu wa Harun ar-Rashid, aliandika kitabu cha mapato ya dola, Kitabul-Kharaj. Humo anapokea habari za Ziyad bin Hudayr, mtu ambaye Umar alimweka kutoza ushuru wa wafanyabiashara wanaopita njiani. Viwango vilikuwa hivi: Mwislamu, dirhamu moja katika kila arobaini, asiyekuwa Mwislamu aliye chini ya himaya ya dola, moja katika ishirini, na mgeni kutoka nchi isiyo na ahadi, moja katika kumi. Na agizo la Umar kwa Ziyad lilikuwa asimpekue mtu yeyote. Atoze kilichopita mbele yake.

Subhanallah! Yule yule aliyefungua orodha za mali za magavana anamkataza mtoza ushuru kufungua mizigo ya wafanyabiashara. Je, Umar alijikanganya? Hapana. Gavana ameshika mali ya umma, basi maisha yake ya kifedha ni jambo la umma. Mfanyabiashara ameshika mali yake mwenyewe, na dola ina haki ndani yake kwa kipimo maalumu. Haki hiyo haimfanyi awe mtuhumiwa. Na Allah katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, amewakataza waumini dhana nyingi na kupelelezana.

Kisha kuna kisa cha mtu wa Banu Taghlib, kabila la Waarabu Wakristo. Alipita kwa Ziyad na farasi aliyekadiriwa thamani ya dirhamu 20,000. Ziyad akamwambia: ama nipe farasi nikupe 19,000, ama baki na farasi wako ulipe 1,000. Akalipa 1,000. Mwaka ule ule akapita tena, na Ziyad akamtaka alipe mara nyingine. Mtu yule akaona kwamba kila akipita atalipa, basi farasi wake ataisha. Akafunga safari hadi kwa Umar, akamkuta Makka, akamweleza. Umar akamjibu kwa neno fupi tu, kwamba jambo lake limetoshelezwa, wala hakuongeza.

Mtu akarudi akidhani amepuuzwa, akiwa amejitayarisha kulipa 1,000 nyingine. Alipofika akakuta barua ya Umar imemtangulia: aliyekwisha lipa asitozwe tena mpaka siku kama ile ya mwaka unaofuata.

Si Mwislamu, hana cheo, hana wa kumsemea. Lakini malipo yake ya nyuma yalimlinda. Rekodi ya jana inaweza kuwa silaha ya dola dhidi ya raia, na inaweza kuwa ngao ya raia dhidi ya dola. Kwa Umar ilikuwa ngao.

*4. UTHMAN NA MALI ILIYOJIFICHA*

Zama za Uthman bin Affan (r.a.) mali zilizidi. Mafaqihi, akiwemo al-Kasani wa madhehebu ya Hanafi, wanaeleza kwamba Uthman aliona kuifuatilia mali ya kila mtu ndani ya nyumba na masanduku yao kutawadhuru wenye mali. Akawaachia wenyewe watoe zaka ya dhahabu, fedha na bidhaa zao. Hapo ndipo ulipopata nguvu mgawanyo maarufu katika fiqhi: mali ya dhahiri, kama mifugo na mazao ya shambani, ambayo mtoza huiona kwa macho, na mali ya batini, kama fedha taslimu na bidhaa, ambayo mwenyewe ameaminiwa.

Lakini tusikosee hapa. Uthman hakumsamehe mtu zaka yake. Alimwachia mtu awe mkaguzi wa nafsi yake. Muwatta inapokea kwamba alikuwa akiwakumbusha watu hadharani kwamba mwezi wao wa zaka umefika, mwenye deni alilipe, kisha atoe zaka ya kilichobaki. Huo ndio mzigo wa uaminifu: unapoaminiwa, unakuwa wewe na Mola wako.

*5. RISITI YA UMAR BIN ABDULAZIZ*

Miaka ikapita. Mwaka 99 Hijria (717 Miladia) akatawala Umar bin Abdulaziz, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitawala miaka isiyotimia mitatu, lakini ametuachia barua mbili ambazo kila afisa wa kodi na kila mfanyabiashara angezisoma. Zote mbili zimo katika Muwatta.

Barua ya kwanza alimwandikia Zurayq bin Hayyan, msimamizi wa kivuko cha Misri. Alimwagiza atoze Waislamu wanaopita katika kile kilichodhihiri cha bidhaa zao, dinari moja kwa kila arobaini, na mali ikipungua kwa hesabu hiyo hiyo mpaka ifike dinari ishirini. Ikipungua chini ya hapo hata theluthi ya dinari, aiache kabisa. Na mwisho akamwamuru awaandikie waliolipa hati ya kile alichochukua kwao, itumike mpaka wakati kama huo mwaka ujao.

Hiyo ni nini kama si risiti? Karne kumi na tatu zilizopita! Na lengo lake lilikuwa mlipaji asisumbuliwe mara ya pili kwa jambo alilokwisha limaliza.

Barua ya pili inagusa swali letu moja kwa moja, kwa sababu inahusu miaka iliyopita. Kulikuwa na mali ambazo baadhi ya watawala waliwanyang'anya watu kwa dhuluma. Umar bin Abdulaziz akaamuru zirudishwe kwa wenyewe, na zitozwe zaka ya miaka yote iliyopita. Kisha akaandika barua nyingine kuifuatia: zisitozwe isipokuwa zaka ya mara moja tu, kwa kuwa mali ile ilikuwa dhimari, yaani mali ambayo mwenyewe hana matarajio ya kuipata.

Mafaqihi wamekhitalifiana katika suala la dhimari, na hapa si mahali pa kuingia humo. Tazama roho ya barua ile. Kiongozi ana uwezo wa kurudi nyuma miaka yote. Hesabu iko mbele yake. Lakini anajiuliza: miaka ile mtu huyu alikuwa anaifaidi mali yake? Hapana, ilikuwa mikononi mwa dhalimu. Basi vipi dola iliyomdhulumu ije imtoze kwa miaka ya kudhulumiwa kwake? Akaubadilisha uamuzi wake mwenyewe, tena kwa maandishi.

*6. UKAGUZI ULIPOGEUKA BIASHARA*

Ingekuwa si uaminifu kukusimulia mazuri tu nikanyamazia mabaya. Dola ya Bani Abbas ilikuwa na madaftari mengi na makatibu hodari, na ndani yake ukaguzi wa mali za nyuma ukageuzwa kuwa chanzo cha mapato. Ukaitwa musadara: waziri au afisa akiuzuliwa, hukamatwa, hudaiwa hesabu za miaka yote aliyofanya kazi, hupigwa mpaka ataje alikoficha mali, na pengine hulipishwa kiasi kilichopangwa kabla hata hesabu haijafanywa.

At-Tabari anasimulia kwamba Khalifa al-Mansur, aliyefariki mwaka 775 Miladia, alizihifadhi mali alizowanyang'anya watu katika nyumba maalumu, kila mali imeandikwa jina la mwenyewe. Akamuusia mwanawe al-Mahdi awarudishie baada ya kifo chake, ili watu wampende mtawala mpya. Fikiria! Alijua si zake, jina la kila mwenye mali limeandikwa, na bado hakurudisha yeye mwenyewe.

Zama za Khalifa al-Muqtadir, waziri Ibnul-Furat aliuzuliwa na kunyang'anywa, akarudishwa, akauzuliwa tena, akarudishwa mara ya tatu. Naye aliporudi, mwanawe al-Muhassin aliwatesa wengine vivyo hivyo ili wakamuliwe mali. Mwaka 924 baba na mwana waliuawa. Wakati huo kulikuwa na diwani nzima ya kusimamia mali za musadara.

Karne iliyofuata, al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, akaandika kitabu chake cha hukumu za utawala. Humo akaweka wazi kwamba msimamizi wa zaka hana mamlaka juu ya zaka ya mali ya batini. Mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuitoa. Na alipoeleza kazi za mahakama ya madhalimu, akasema kwamba dhuluma ya watawala, dhuluma ya watoza mali na vitendo vya makatibu wa madaftari vichunguzwe bila kungoja mtu alalamike. Umeona? Palepale tulipoanzia na Ibnul-Lutbiyya.

*7. NA SISI LEO?*

Ndugu zangu, zaka si kodi, na kodi si zaka. Kulipa moja hakuiondoi nyingine. Lakini adabu ya kuhoji mali za watu ni moja.

Kwetu Afrika Mashariki sheria zimeweka kipimo. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huo huo inataja miaka 5 vilevile, na baada ya hapo makadirio ya nyuma hayaguswi ila pakiwa na udanganyifu, ukwepaji au uzembe wa makusudi. Kuwa na kikomo ni uadilifu. Mtu hawezi kuishi akisubiri kuulizwa risiti ya miaka ishirini.

Lakini tumeona pia mambo yakichacha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Kenya mwaka 2025, Muswada wa Fedha ulipendekeza kuondoa kinga inayowazuia watoza kodi kulazimisha kupewa siri za biashara na taarifa binafsi za wateja. Kamati ya bunge ikakataa. Leo simu yako inajua ulimtumia nani pesa, saa ngapi, na kiasi gani. Mali iliyokuwa batini zama za Uthman leo inaonekana kwa kubofya tu. Uwezo wa kuona umeongezeka. Je, hofu ya Allah kwa wanaoona imeongezeka?

Kwa wewe ndugu yangu uliye kwenye ofisi ya mapato, na najua mnasoma hapa: uliza, ni kazi yako. Lakini usimhukumu mtu kwa dhana, usimtoze mara mbili, usimnyime risiti, na usitumie daftari la mtu kumtisha ili upewe chako. Hicho ndicho alichokibeba Ibnul-Lutbiyya. Na kabla ya kuliuliza duka la mwenzako, liulize gari lako na nyumba yako: ungekaa kwa mama yako, vingekujia?

Na kwa wewe mfanyabiashara uliyeniuliza kama kuficha ni dhambi. Vitabu viwili, kimoja cha kweli na kimoja cha kumwonyesha mkaguzi, ni uongo ulioandikwa kwa mkono wako. Usijifiche nyuma ya dhuluma ya fulani. Dhuluma yake haiugeuzi uongo wako kuwa halali. Ukiona umekadiriwa kwa uonevu, pinga kwa hoja na kwa rekodi zako, kama yule mtu wa Banu Taghlib alivyokwenda mpaka Makka. Lakini yeye alikuwa amelipa. Ndiyo maana alikuwa na la kusema. Asiyeandika hana ngao. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Suratul-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika madeni. Ukiandika hesabu zako kwa nia njema, unatii amri ya Mola wako.

Na jambo la mwisho, zito kuliko yote. Sheria ya nchi ina miaka 5. Zaka haina kikomo. Kwa kauli ya jamhuri ya ulamaa, aliyeacha kutoa zaka miaka kumi, miaka kumi yote iko shingoni mwake. Hakuna afisa atakayekuja kukuuliza, kwa sababu umeaminiwa. Usiku wa leo, kabla hujalala, fungua daftari lako mwenyewe. Hesabu ulichokuwa nacho kila mwaka ulipotimia. Huna kumbukumbu kamili? Kadiria mpaka nafsi yako iridhike, andika, anza kulipa kidogo kidogo, na muulize sheikh wa karibu yako panapokutatiza.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kwamba miguu ya mja haitaondoka Siku ya Kiyama mpaka aulizwe. Umri, ataulizwa ameumalizia katika nini. Elimu, ameifanyia nini. Mwili, ameuchakaza katika nini. Lakini mali ataulizwa mara mbili: imeingiaje, na imetokaje. Na kitabu cha siku hiyo, kama alivyotueleza Mola wetu katika Suratul-Kahf, aya ya 49, hakiachi dogo wala kubwa.

Ewe Mola wetu, wahurumie wanaodhulumiwa katika mali zao. Waongoze waliopewa mamlaka juu ya mali za watu wawe kama maliwali waliomuogopa Umar, na Umar alikuogopa Wewe. Tusafishie chumo letu, tupe ujasiri wa kujihesabu kabla ya kuhesabiwa, na utusitiri hapa na huko. Amin.

Ukiona kuna faida, mpelekee ndugu yako mwenye duka, na yule mwenye ofisi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.